Majani ya Mapukutiko: Westonbirt au Vermont?

Westonbirt, bustani ya miti iliyoanzishwa na Robert Holford mwaka 1829 huko Gloucestershire, Uingereza, inasifika kwa mishira ya Kijapani, jamaa ya mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Hapo mti hutazamwa kwa karibu: jani dogo lenye ncha tano au saba, kingo zimekwisha kuwa nyekundu ilhali mishipa ya katikati bado ina ukijani. Njia zake ni za kutembea polepole, jambo linalowafaa wazee na watoto.

Vermont, nchini Marekani, ni habari nyingine. Misitu imefunika takribani robo tatu ya jimbo hilo, na mshira wa sukari, ambao ndio mti rasmi wa jimbo, hugeuza mlima mzima kuwa wa rangi ya chungwa. Klorofili, yaani kemikali inayoyapa majani ukijani, inapovunjika, rangi ya manjano iliyokuwamo tangu mwanzo hujitokeza; wekundu, kwa upande wake, hutengenezwa upya, na hushamiri zaidi palipo na jua la mchana na baridi ya usiku isiyofikia kuganda.

Kwa ukubwa wa mandhari, mimi ningechagua Vermont bila kusita, ingawa foleni za magari wikendi huudhi. Rangi za huko hufikia kilele kati ya mwishoni mwa Septemba na katikati ya Oktoba. Aliyechelewa bado anaweza kuiwahi Westonbirt mwishoni mwa Oktoba.