Intl.DateTimeFormat kwa Kiswahili: tarehe zake nazikubali, saa naziandika mwenyewe

Ukitaka kuandika tarehe za Kiswahili kwenye programu ya JavaScript, tumia Intl.DateTimeFormat, kifaa chake cha kuandika tarehe na saa, na uache kutafuta kingine. Ukitaka kuandika saa, itumie pia, ila usiiruhusu iandike sentensi nzima peke yake. Huo ndio msimamo wangu baada ya kuiweka kwenye kazi zinazonilisha hapa Moshi: mfumo wa kuchapa tiketi za mabasi ya mikoani, na mfumo wa ratiba kwa kampuni zinazopandisha wageni Kilimanjaro. Kazi hizi mbili hazisamehe tarehe iliyokosewa. Abiria ataachwa na basi, au mpagazi atafika geti la Machame akute kundi lake limeshaingia msituni.

Wengi wetu tulianzia kwenye Moment, maktaba (yaani msimbo ulioandikwa tayari) ya kushughulikia tarehe. Waliokuwa wakiitunza wenyewe walitangaza Septemba 2020 kwamba kwa kazi mpya watu wachague kitu kingine, na hapo kila mmoja akashika njia yake. Mimi nilihamia kwanza kwenye maktaba nyingine ndogo, nyepesi, inayopendwa sana. Ni nzuri kwa hesabu za siku. Kiswahili chake, hata hivyo, kiliandikwa kwenye faili moja na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kupanga foleni stendi yoyote ya Tanzania: humo mna “saa limoja” na “masiku 3”. Huwezi kumtumia mama wa watu ujumbe wa namna hiyo ukategemea aamini kwamba ofisi iliyoutuma inajua inachofanya.

Intl ni tofauti kwa sababu maneno si yake. Imo ndani ya JavaScript yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kupakua na haili bando la mtumiaji hata kidogo. Kiwango chake, ECMA-402, kilitoka mara ya kwanza Desemba 2012. Majina ya siku na miezi yanatoka kwenye hazina ya data za lugha iitwayo CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode tangu 2004. Hazina hiyo hiyo ndiyo inayolisha simu za Android, na Java, lugha nyingine ya programu, inaitegemea kama chanzo chake cha kawaida tangu toleo la 9. Mle Kiswahili kina nyumba yake, na Kenya, Uganda na Kongo wana vyumba vyao. Wewe unaandika `sw-TZ`, yaani Kiswahili cha Tanzania, unataja `dateStyle: 'full'`, inatoka “Jumanne, 14 Januari 2025”. Mei ni Mei, Machi ni Machi, Agosti haina u mwishoni. Hakuna cha kusahihisha.

Kwenye tiketi jambo hili lina faida ya kupimika. Printa ndogo za karatasi ya milimita 58, zile zilizojaa kwenye vibanda vya stendi, kwa kawaida zinabeba herufi 32 kwa mstari. Tarehe kamili ya Kiswahili iliyo ndefu kuliko zote, kama “Jumamosi, 27 Septemba 2025”, ina herufi 26 ukihesabu na nafasi. Inaingia mstari mmoja bila kukatwa. Sina sababu tena ya kumpa abiria 27/09/25 aanze kujiuliza ipi ni siku na ipi ni mwezi.

Kitu kingine ninachokipenda ni kwamba huandiki herufi za mpangilio. Kwenye maktaba nyingi unapanga tarehe kwa herufi: MM ni mwezi, mm ni dakika, na ukiteleza kidogo mwezi unageuka dakika. Kwenye Java iko hatari kubwa zaidi. YYYY kwa herufi kubwa ni mwaka wa wiki, yaani mwaka ambao wiki hiyo inahesabiwa kuwa yake, wakati mwaka wa kalenda ni yyyy. Tarehe 30 Desemba 2024 ilikuwa Jumatatu, na kwa hesabu ya ISO, kiwango cha kimataifa, wiki hiyo ni ya kwanza ya 2025. Programu iliyoandikwa YYYY itakuchapia 30 Desemba 2025. Ubaya wake ni kwamba miezi yote inafanya kazi vizuri, halafu inaharibika mwishoni mwa mwaka, msimu ambao wageni wanataka kuuona Mwaka Mpya wakiwa kileleni na sisi huku tuna vibali na malipo ya kuandaa. Intl haina mlango huo. Unasema unataka mwezi kwa jina refu, siku kwa namba, mwaka kwa namba, na mpangilio inaupanga yenyewe kufuata lugha.

Ndugu yake, Intl.RelativeTimeFormat, ndiye aliyenishangaza zaidi. Mwambie `numeric: 'auto'`, mpe siku moja nyuma, atasema “jana”. Mpe siku mbili nyuma, atasema “juzi”. Mbili mbele, “kesho kutwa”. Kiingereza hakina neno moja kwa hayo mawili, kwa hiyo maktaba iliyojengwa kwa mawazo ya Kiingereza isingeacha hata nafasi ya kuyaweka. Hii imeacha nafasi, na waliokijua Kiswahili wakaijaza. Ujumbe wa “Safari yako ni kesho kutwa” unasomeka kama umeandikwa na karani wa ofisi.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Muulize Intl saa mbili asubuhi kwa Kiswahili, ukiomba saa za 12 kwa `hour12: true` na kipindi cha siku kwa `dayPeriod: 'long'`. Itakupa namba 8 pamoja na neno asubuhi. Kila kipande ni sahihi peke yake. Saa ya ukutani imesimama kwenye 8, na wakati huo ni asubuhi. Ukiviweka pamoja mbele ya mtu wa Moshi, unamwambia saa nane asubuhi, wakati usiokuwepo. Hesabu ya saa kuanzia macheo haimo kwenye data. Vipindi vyenyewe vimo na vimepangwa vizuri sana, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, ila namba zinabaki za kizungu.

Kosa hili linagharimu nauli. Mama mmoja mwenye kibanda cha tiketi alinionyesha tiketi ya mfumo wa zamani wa ofisi yake, imeandikwa “Kuondoka 06:00”, akaniuliza: “Mwanangu, hii sita ni ya nani? Dereva anaijua ya alfajiri, bibi wa Rombo anaijua ya mchana.” Mabasi ya Dar yanaondoka gizani. Bibi akija saa sita mchana, basi liko mbali.

Dawa ipo, na Intl yenyewe inakupa vifaa vyake. Badala ya `format`, tumia `formatToParts`. Haikupi sentensi, inakupa vipande vyenye majina: siku, mwezi, saa, dakika. Chukua saa ukiwa umeomba `hourCycle: 'h23'`, yaani saa za 0 hadi 23, ujumlishe 6, ugawe kwa 12 na uchukue baki, baki likiwa sifuri, andika 12. Kwa hiyo 6 inakuwa 12, 7 inakuwa 1, 13 inakuwa 7, 19 inakuwa 1. Kipindi cha siku chagua kwa saa ya asili, kabla hujaijumlishia, la sivyo utaandika saa 2 usiku kwa mtu anayesafiri saa 2 asubuhi. Na usitumie `hour12: false` ukidhani ni sawa na h23, kwa sababu kwenye baadhi ya vivinjari usiku wa manane hutoka 24:00 badala ya 00:00. Ukimaliza, tiketi inasema “saa 12:00 alfajiri”, dereva na bibi wanasoma kitu kimoja.

Ratiba za mlimani zilinidai hatua moja zaidi, na hii sijaiona kwenye maktaba yoyote. Wanaopanda kwa njia ya Marangu wanalala Kibo, mita 4,720, na kwa kawaida wanaianza safari ya kilele karibu saa sita usiku ili mapambazuko yawakute juu. Tuseme ni Jumatano, 15 Januari 2025, saa 00:00. Kompyuta inasema Jumatano, na kwa kalenda yake haijakosea. Lakini ukiandika “Jumatano saa 6:00 usiku”, mpagazi na mpishi wataelewa ule usiku unaofuata baada ya mchana wa Jumatano, saa 24 nyuma ya kundi. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, na kila mtu anajua ni upi. Kwa hiyo kwenye mfumo wangu, saa yoyote kati ya 00:00 na 03:59 inaandikwa hivyo: “usiku wa kuamkia Jumatano, 15 Januari 2025, saa 6:00”. Kwenye karatasi ya printa inachukua mistari miwili, na ichukue. Waongozaji walioizoea hawapigi tena simu ofisini kuuliza ni usiku wa lini.

Usiku huo huo una mtego mwingine, wa ukanda wa saa. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, mwaka mzima. Sasa developa wengi, wakitaka tarehe fupi ya kuhifadhi, wanaita `toISOString` na kukata herufi 10 za mwanzo. Fanya hivyo saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatano utapata 2025-01-14, kwa sababu kwa UTC bado ni Jumanne, 21:30. Mchana kutwa hutaona tatizo. Linaonekana saa zile tatu tu, sita usiku mpaka tisa usiku, ambazo ofisi za mjini zimefungwa na watu wa mlimani wako njiani. Kwa Intl, taja `timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam'` kila mara, hata kama kompyuta yako iko Majengo hapa Moshi na unaona inajua iko wapi. Seva yako huenda iko Ulaya. Na usijumlishe 3 kwa mkono ukatosheka, kwani wakala wa Ujerumani anayekuletea wageni yuko nyuma yetu saa 1 wakati wa majira yao ya joto na saa 2 wakati wa baridi. Acha jedwali la kanda lihesabu.

Kasoro ndogo ninazo. Ukiomba siku kwa ufupi, `weekday: 'short'`, katika data ninayotumia unapata jina zima, Jumatatu kama Jumatatu, na safu nyembamba za kalenda zinafumuka. Ukiomba herufi moja, `narrow`, zinatoka S, M, T, W, T, F, S, ambazo ni za Kiingereza. Najua ugumu uliopo, siku tano kati ya saba zinaanza na J. Lakini ukutani kwetu kalenda zinaandika J3, J4, na zinasomeka. Mimi natumia kijisafu changu mwenyewe cha majina saba mafupi.

Pia usiijenge upya kila mara. Kuunda Intl.DateTimeFormat ni kazi nzito kwa simu za bei ya chini. Iunde mara moja, kisha iite `format` kwa kila mstari wa orodha. Na Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, iwe ya 13 kwenda mbele. Matoleo ya kabla ya hapo, kwa kawaida, yalikuja na data ya Kiingereza pekee, ukiomba `sw` unajibiwa Kiingereza bila onyo lolote.

Kwa wanaotuma SMS kuna hili la ziada. CLDR 42 ilibadilisha nafasi iliyo kabla ya AM na PM za Kiingereza ikaweka nafasi nyembamba ya aina nyingine, U+202F. Kwa macho huioni. Mtandao wa simu unaiona: haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, hivyo ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa Kiingereza uliokuwa unalipiwa mmoja unaweza kulipiwa mitatu. Kabla ya kutuma, badilisha herufi hiyo kwa nafasi ya kawaida. Ujumbe wa Kiswahili uliojenga mwenyewe kwa vipande hauguswi.

Data za CLDR hazijafungwa. Zinakusanywa kupitia mtandao, lugha kwa lugha, na mwenye Kiswahili chake anaweza kuomba kushiriki. Mimi ningeanza na zile herufi saba za siku.