Kompaundi inang'arisha kweli, ila onyo limefichwa chini ya ofa

Nianze kwa haki: nimetumia kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ya gari, na gari linang'aa. Ile mikwaruzo myembamba ya kuoshea, iliyokuwa ikinikera kila jua linapopiga boneti, siioni tena. Ningeishia hapo, ila jicho langu la kushoto lina neno.

Ni wiki kadhaa sasa, siku yenyewe siikumbuki. Nilifunga mlango wa gereji vumbi lisitue kwenye rangi, nikajaza kompaundi kwenye sponji ya mashine ya kung'arishia, nikaiwasha ikiwa bado hewani. Ndiyo, najua. Sasa najua. Sponji inaguswa kwenye bodi kwanza ndipo unawasha, tena kwa mwendo mdogo. Mimi matone yaliruka ukutani, kwenye kioo, shatini, na moja likaingia jichoni. Zile chembe zinazokwangua rangi ya gari ndizo zilikuwa ndani ya kope, na mkono unawasha kutaka kusugua. Ukisugua umejimaliza. Mke wangu alinivuta hadi bombani, akanishikia kope wazi, maji yakatiririka dakika 15 kamili, huku mimi nikilalamika tangu ya tatu kwamba imetosha.

Jicho lilipotulia nikachukua kopo nisome. Nyuma kuna bandiko kubwa la "OFA". Nikalibandua kwa ukucha. Chini yake: vaa miwani ya kinga, vaa glovu, tumia penye hewa ya kutosha, weka mbali na moto. Yote! Kopo zima lina nafasi, lakini kuna mtu alilizungusha mkononi akaona pa kubandika ofa yake ni pale.

Nikampigia muuzaji. Akasikiliza, akacheka: "Ndugu yangu, hii ni ya gari, si ya kupaka usoni." Nikaomba karatasi ya taarifa za usalama, ile yenye vipengele 16. Akaniuliza kama mimi ni daktari. Kisha simu ikakatika. Labda mtandao. Labda.

Karatasi nimeipata mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji, dakika mbili tu. Kompaundi hii ina kiyeyusho (kimiminika cha kuyeyushia) kitokanacho na mafuta ghafi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama chini. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikisugua milango, gereji imefungwa! Kumbe kile kizunguzungu nilichokisingizia njaa. Barakoa ya kitambaa niliyovaa ilikuwa pambo tu, maana mvuke unataka barakoa yenye kichujio cha kaboni. Vidole navyo vilikauka vikapasuka, kwa sababu kiyeyusho hunyonya mafuta ya ngozi. Glovu za nitraili, aina ya mpira, zingenitosha.

Kosa la kuwasha mashine hewani ni langu, sikatai. Lakini miwani ningevaa kama ningeambiwa, na kuambiwa kulikuwa kumeshalipiwa ndani ya bei ya kopo.

Nilikaa kuandika nyota moja. Nikatoka nje kidogo, nikaiona boneti, nikaweka tatu. Nikakumbuka kile kicheko, nikashusha hadi mbili. Ikibidi kutenganisha, kompaundi nne, muuzaji sifuri.

Imebaki nusu kopo na milango ya nyuma bado. Likiisha nitanunua jingine, hilihili, ila si kwake.