AlgaeBase: huduma ambayo mtafiti wa mwani hana budi kuijua

Yeyote anayefanya utafiti wa mwani katika pwani yetu, awe mwanafunzi wa shahada ya kwanza au afisa ugani anayewahudumia wakulima wa Paje na Jambiani huko Zanzibar, hukumbana mapema na tatizo la majina: mwani mmoja huweza kuitwa kwa majina kadhaa, na jina moja likatumika kwa mwani tofauti. AlgaeBase, kanzidata ya majina na taarifa za mwani ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua bila malipo kwenye intaneti, imelishughulikia tatizo hilo kwa ukamilifu kuliko huduma nyingine ninayoifahamu, nami naipendekeza kwa moyo wote, ingawa yapo mambo ambayo mtumiaji asiyatarajie kwake.

Ilianzishwa mwaka 1996 na Profesa Michael Guiry wa Galway, nchini Ayalandi, na ni vigumu kuitenga na maisha yake ya utafiti. Mwaka 1983, yeye na mwenzake John West walichapisha matokeo ya kuotesha maabarani aina mbili za mwani mwekundu wa Atlantiki ya Kaskazini: Gigartina stellata, wenye matawi, na Petrocelis cruenta, ambao ni utando tu ulioganda juu ya mwamba. Walionyesha kwamba viumbe hivyo, visivyofanana hata kidogo na vilivyowekwa katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) mbili tofauti, ni hatua mbili za maisha ya mwani uleule, ambao leo huitwa Mastocarpus stellatus. Naamini kazi ya namna hiyo ndiyo inayomfundisha mtu kutoliamini jina kabla ya kufuatilia asili yake, na mafunzo hayo yanaonekana katika kila ukurasa wa kanzidata hii. Mwaka 2012 Guiry aliitumia kukadiria kwamba duniani kuna spishi zipatazo 72,500 za mwani wa kila aina, ukiwamo ule usioonekana kwa macho matupu, na maelfu ya spishi hizo zikiwa bado hazijaelezwa kisayansi.

Thamani yake huonekana vizuri zaidi ukiitumia kwa mwani tunaoulima wenyewe. Kilimo cha biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, yalikuja pia majina mawili ya soko, spinosum na cottonii, ambayo wakulima wanayatumia hadi leo. Ukitafuta Eucheuma spinosum, unaelekezwa kwenye jina linalokubalika sasa, Eucheuma denticulatum, na kuonyeshwa kwamba lilitokana na Fucus denticulatus, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Burman mwaka 1768. Hilo ni jepesi. Cottonii ndiyo yenye mtego, kwa sababu spishi iitwayo Kappaphycus cottonii ipo kweli, lakini ile inayofungwa kwenye kamba za mashambani ni Kappaphycus alvarezii, ambayo mtaalamu wa mwani Maxwell Doty aliieleza mwaka 1985 ikiwa bado ndani ya jenasi Eucheuma. Mwanafunzi anayelichukua jina la soko na kuliandika katika tasnifu yake kama jina la kisayansi anakuwa ametaja kiumbe kingine kabisa, na dakika chache za kupekua kanzidata zingemwepusha na kosa hilo.

Vilevile mwani mwembamba wa kijani unaojishika kwenye mazao, ambao vitabu vya zamani huuita Enteromorpha, umehamishiwa katika jenasi Ulva tangu mwaka 2003. Asiyejua hivyo atakosa nusu ya maandiko anayoyahitaji, kwa vile kazi za miaka ya 1970 ziko chini ya jina moja na za sasa chini ya jingine.

Upungufu upo. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Orodha za nchi ambamo spishi hupatikana hutegemea machapisho, kwa hiyo ufuo usiowahi kuandikiwa makala hautatajwa hata kama mwani huo umejaa tele, na jina la Tanzania likikosekana lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba mwani huo haupo kwetu. Kwa wanaochunguza vijidudu, sayanobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mwani) wamo, lakini bakteria wengine hawamo. Anayefuatilia ugonjwa wa ice-ice, unaofanya matawi ya mwani kuwa meupe na laini hadi yakatike pale bakteria wanapoushambulia mmea uliokwisha kudhoofishwa na joto au na mabadiliko ya chumvi, atapata hapa utambulisho wa mmea tu. Habari za bakteria hao na jinsi wanavyoishi na mwani itambidi azitafute kwingineko.

Kurasa zake hurekebishwa mara kwa mara, na jina lililokubalika mwaka jana linaweza kuwa kisawe tu, yaani jina lisilokubalika tena, mwaka huu. Kwa hiyo unaponukuu, andika pia tarehe uliyousoma ukurasa, kama waendeshaji wenyewe wanavyoelekeza.