Mpango wa "chakula safi" wa siku 21, Arusha: mlo mzuri, masharti mabaya

Huduma hii husambaza chakula kwa bodaboda Njiro, Sakina na mjini kati. Unalipia siku 21: juisi asubuhi, mlo kamili mchana, kachumbari na matunda jioni. Juu ya hapo unapewa karatasi ya masharti na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Jina lake hatulitaji, kwani mipango ya aina hii ni mingi na masharti yake yanafanana.

Mlo wa mchana unastahili sifa. Ni ugali wa dona, maharage, mnafu na nusu parachichi. Maharage yamelowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, kwa hiyo yameiva laini na hayajazi tumbo gesi. Mnafu haujachemshwa kupita kiasi, uchungu wake mtamu bado upo. Parachichi halikuwekwa kwa urembo: mwili hauwezi kunufaika vizuri na vitamini A ya mboga za majani pasipo mafuta, na mpishi hakutumia mafuta mengine. Kile kipande cha limau kikamulie kwenye maharage. Madini chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida, zaidi yakiliwa na pumba za dona, na vitamini C ndiyo inayosaidia. Chai, ambayo huzuia chuma hicho kufyonzwa, isubiri angalau saa moja.

Shida inaonekana ukijumlisha siku nzima. Kwenye mizani, ugali ni gramu 150, maharage 100, parachichi 100; pamoja na mboga ni kama kilokalori 500. Juisi ya bitiruti na karoti ni 120 hivi, chakula cha jioni 250. Jumla haifiki 900, wakati mwanamke mzima anahitaji karibu 2,000. Kizunguzungu na baridi ya mikono vinavyowapata watu wiki ya pili huelezwa kundini kuwa ni "sumu zinatoka". Hapana, hiyo ni njaa. Taka za mwili zinatolewa na ini na figo kila siku, juisi iwepo isiwepo.

Karatasi ya masharti inakataza maziwa, mayai, nyama, chumvi ya dukani na chochote kilichopikwa na mtu mwingine. Chumvi ya mawe ya rangi ya waridi inayopendekezwa haina madini joto ya kutosha, na huku milimani rovu, uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini hayo, si ugonjwa wa kusimuliwa tu. Vitamini B12, tunayoipata kwenye nyama, mayai na maziwa, haipatikani kwenye mboga. Akiba ya mwili hudumu muda mrefu, hivyo siku 21 hazimdhuru mtu, ila wapo wanaoendelea kwa miaka. Sharti la kunywa maji lita 4 kwa siku nalo lina hatari yake: maeneo kadhaa ya Arusha na Meru yana floraidi nyingi majini, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na kuchemsha hakuiondoi.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kundi. Kila sahani hupigwa picha. Aliyeonja mtori kwa mama yake "anaungama" mbele ya wote na kurudi siku ya kwanza. Daktari Mmarekani Steven Bratman aliita hali hii othoreksia mwaka 1997: mtu hahesabu tena kiasi cha chakula, anahangaikia usafi wake mpaka maisha yanabanwa. Haijawekwa rasmi kwenye orodha kuu za magonjwa ya akili, lakini dalili zake zinatambulika. Orodha ya vinavyolika inapungua kila mwezi. Mtu anakwepa kipaimara na msiba kwa sababu ya sahani, na akila kilichokatazwa anajiadhibu kwa kufunga.

Nunua mlo wa mchana peke yake, huduma inakubali. Omba upikiwe kwa chumvi yenye madini joto, na nyumbani ongeza yai, dagaa au kikombe cha maziwa mgando. Kundini usiingie. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asijaribu mpango mzima, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Aliyekwisha kuona zile dalili kwake au kwa mwanawe amwone daktari au mtaalamu wa lishe wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na aende na ile karatasi ya masharti mkononi.