FIRMS ya NASA kwa sisi tunaopanga magari ya moto Tabora: naipa nyota 4

Kila ikifika mwezi wa sita nyasi zikianza kukauka watu wa vikundi vya misitu na warina asali wananiuliza ile ramani ya vidoti vyekundu inafaa au haifai, sasa nimeitumia misimu kadhaa acha niiandike mara moja. FIRMS ni huduma ya NASA, ni bure, satelaiti zinapita juu zinahisi joto la moto halafu ndani ya masaa matatu hivi kidoti kinatokea kwenye ramani. Naipa nyota 4 kati ya 5 na hiyo moja iliyobaki nitaeleza.

Mimi sizimi moto. Mimi ndo nahakikisha dizeli ipo kwenye gari, madumu yamejaa maji, mapanga na reki na pampu za mgongoni zimetoka stoo, vijana wana unga na maharage ya kutosha kulala porini kama itabidi, na gari linaelekea upande wenye moto. Hilo la mwisho ndo linaumiza kichwa kuliko yote, maana mkoa huu ni mkubwa na miombo ni mingi, huwezi kutuma gari Kitunda asubuhi halafu mchana uliambie ligeuze liende upande wa Ugalla, dizeli ikishachomeka barabarani hairudi. Hapo ndo FIRMS inanisaidia sana, kujua gari lisiende wapi. Wanaoisifia wengi wanasema inakuonyesha moto, mimi naisifia kwa sababu inanipunguzia safari za bure.

Sasa kitu ambacho ukianza kutumia lazima ukielewe. Zile satelaiti zenye kifaa kinaitwa VIIRS (ziko tatu, Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21) kwa huku kwetu zinapita mchana kama saa nane hivi na usiku kama saa nane hivi, zinapishana kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu akiwasha shamba saa kumi na moja jioni ukashinda unaangalia simu utaona ramani nyeupe kabisa, hakuna kitu, na moto unatembea! Wengi wanakasirika hapo wanasema haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila haikai juu yetu muda wote, ikishapita imepita mpaka usiku. Ndo maana nasema usije ukaacha namba za watendaji wa vijiji na kamati za maliasili eti kwa sababu una satelaiti, simu ya mtendaji anayeona moshi kwa macho yake inaishinda satelaiti kila siku ya Mungu kuanzia alasiri mpaka usiku.

Halafu saa. Kwenye faili unalopakua saa zimeandikwa kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na vijana wangu zilikuwa zinawachanganya, nikawapa njia rahisi, toa tatu unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja. Imeandikwa 11:20 basi ni saa nane na dakika ishirini mchana. Imeandikwa 23:10 toa tatu ni 20:10, toa tena kumi na mbili, saa nane na dakika kumi usiku. Hapo hakuna anayebishana tena moto ulionekana lini.

Kidoti chenyewe nacho kisomwe kwa akili. Cha VIIRS ni katikati ya kipande cha mita 375, cha MODIS, kifaa kingine cha zamani kidogo kwenye satelaiti nyingine, ni kilomita nzima, moto unaweza kuwa pembeni kabisa ya hicho kipande, yaani upo ng'ambo ya korongo na gari lako limesimama huku. Haijui pia kutofautisha mkulima anayesafisha shamba la tumbaku, uchomaji wa mapema wa mwezi wa tano na wa sita ambao tumeupanga wenyewe nyasi zikiwa bado na ubichi, na moto wa mwezi wa tisa unaokwenda kula mizinga ya magome ya watu. Vyote ni vidoti. Mawingu mazito yakifunika haioni chini. Mimi kidoti kikitokea napiga simu kwanza kijijini, nikithibitisha ndo natoa gari, ombi linaandikwa kwenye kaunta buku na namba yake. Hii ya namba ndo utaratibu wa wenzetu wa Marekani, kule kila ombi la ndege, la kikosi, la mtambo au la vifaa lina herufi na namba yake, na mambo yakizidi ngazi za chini yanapanda mpaka kituo cha taifa pale Boise, Idaho. Kwetu daftari linatosha na nashauri kila kikundi kiwe nalo, mwisho wa msimu unajua kila lita imekwenda wapi.

Uzuri mwingine ni alati, yaani taarifa za tahadhari, za barua pepe. Unajisajili, unachora eneo lako kwenye ramani, inakuletea yenyewe. Kwa bando letu hili barua pepe ni nyepesi kuliko kufungua ramani nzima ambayo mtandao ukiwa mdogo inazunguka tu.

Nyota niliyokata ni ya lugha na kuchelewa. Kila kitu nakisoma kwa Kiingereza na watu wanaoihitaji zaidi wako Sikonge na Uvinza, wanaongea Kiswahili. Na Marekani na Kanada taarifa nyingine zinawafikia ndani ya dakika chache kwa sababu wana vituo vya ardhini vinavyopokea moja kwa moja kutoka satelaiti, sisi tunasubiri masaa. Kwa moto wa Septemba wenye upepo masaa matatu ni kilima kizima.

Wenzangu wa Kigoma mnaoanza, msichore mkoa mzima mtafurikiwa na alati mpaka muache kuzisoma. Choreni msitu wenu wa kijiji na ukanda kidogo nje yake upande ambao upepo unatokea, na mumpe mtu mmoja jukumu la kufungua barua pepe saa kumi na mbili asubuhi kabla gari halijawekwa mafuta.