Docs, Canva na Nasser Road: tathmini ya njia ya wanafunzi kutoa jarida la uongozi wa wanawake

Timu nyingi za vyuo Kampala zinazotoa jarida la uongozi wa wanawake hulenga tarehe 8 Machi, ambayo Uganda ni sikukuu ya kitaifa. Karibu zote hupita njia moja: maandishi kwenye Google Docs, kurasa kwenye Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, uchapaji Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Tathmini hii inaipima njia hiyo kwa jarida la kawaida la wanafunzi: A4, kurasa 32 pamoja na jalada, nakala 300, Kiswahili kitupu au Kiswahili na Kiingereza.

Kwa kifupi, Docs haina mpinzani, Canva inatosha ukijua inapoishia, na Nasser hufanya kazi nzuri kwa bei ya haki ikiwa anayekwenda huko ni mtu mmoja mwenye faili moja. Fedha nyingi hupotea kwenye makabidhiano kati ya hatua hizi tatu.

Tuanze na Docs. Kila makala iwe na hati yake, wala si hati moja ndefu ya jarida zima. Mwandishi na mhariri wa lugha wafanye kazi katika hali ya kupendekeza, ili kila badiliko lionekane ni la nani, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kukubali. Historia ya matoleo huokoa aya iliyofutwa usiku wa manane, na kazi inaendelea bila intaneti kama hati imewekwa mapema kwenye kifaa, jambo la maana kwa nchi ambayo bando hutozwa ushuru wa asilimia 12. Kasoro yake ni Kiswahili. Kikaguzi cha tahajia kikiwa cha Kiingereza, ukurasa mzima unajaa mistari myekundu, jicho linaizoea, na kosa la kweli linapita humohumo. Kizimeni, mgawane usomaji wa prufu (nakala ya kukagua kabla ya uchapaji) kwa macho. Anayeandika kwa simu abadili lugha ya kibodi kwanza, la sivyo maneno mafupi yatageuzwa kimyakimya.

Pamoja na hati hizo fungueni jedwali moja lenye safu tatu: dai, chanzo, aliyehakiki. Majarida ya aina hii yanapenda mno kusema fulani alikuwa mwanamke wa kwanza, na hapo ndipo wasomaji huwakamata. Specioza Wandira Kazibwe alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 1994 hadi 2003. Jessica Alupo, aliyeshika wadhifa huo 2021, ni mwanamke wa pili. Waziri Mkuu mwanamke wa kwanza ni Robinah Nabbanja, mwaka huohuo wa 2021. Rebecca Kadaga aliongoza Bunge kama Spika 2011 hadi 2021, naye ndiye mwanamke wa kwanza katika kiti hicho. Julia Sebutinde ni mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tangu 2012. Makerere ilipokea wanafunzi wa kike mwaka 1945, nao walikuwa sita. Mambo haya yote huchanganywa, na jalada likishachapwa halifutiki.

Hata hivyo, majina haya msomaji anayajua. Katiba ya 1995 inataka kila wilaya iwe na mbunge mwanamke na thuluthi moja ya viti vya serikali za mitaa iwe ya wanawake, kwa hiyo diwani wa kuhojiwa hayuko mbali na chuo chochote. Mwenyekiti wa SACCO au wa soko pia anafaa zaidi ya wasifu wa tano wa mtu yuleyule. Ruhusa ichukuliwe kwa maandishi, ya maneno na ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kwa mtoto, na wengi wa wasichana wa sekondari wanaopigwa picha kwenye semina za uongozi ni watoto kisheria.

Canva sasa. Faida yake kubwa ni kwamba watu watano huingia kwenye kurasa zilezile bila kufundishwa. Hasara inatoka papo hapo: mmoja anasogeza kichwa cha habari, mwingine anabadili fonti. Gaweni faili kwa sehemu, kurasa nane nane, kila sehemu na mwenyewe, na vitu vya kudumu kama namba za kurasa na mstari wa juu vifungwe kwa kufuli.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba visanduku vya maandishi havikuunganishwa. Ukiongeza aya ukurasa wa 6, haisukumi maneno kwenda wa 7. Inashuka chini na kujificha nyuma ya picha, na hakuna anayeiona hadi prufu. Dawa ni kuhesabu mapema: ukurasa wa A4 wa safu mbili, herufi za pointi 10 na picha ya robo ukurasa, hubeba maneno 450 hivi, na bila picha 650. Mwandishi apewe idadi hiyo kabla hajaanza. Maandishi yakishaingia Canva, hati ya Docs ifungwe, na masahihisho yote yaandikwe kama maoni juu ya PDF. Timu inayosahihisha huku na kule huchapa toleo la zamani.

Safu tatu yaachieni magazeti. Neno kama "wanaowawakilisha" kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili huacha mianya myeupe inayotiririka ukurasa mzima, na ukiwasha ukataji wa maneno wa Kiingereza ndiyo unaharibu kabisa. Safu mbili, maandishi yaliyopangwa kushoto tu, yatosha.

Toleo la bure lina vikwazo viwili vinavyogusa uchapaji. PDF yake hutoka kwa RGB, yaani rangi za skrini, kwa sababu CMYK, yaani rangi za wino nne za uchapaji, ni ya wanaolipia, na mpango wa bure wa elimu umelengwa shule za msingi na sekondari. Pili, mwenzenu mwenye Pro, toleo la kulipia, akiweka picha au mapambo ya kulipiwa, asiye na Pro hawezi kutoa faili safi. Njia rahisi ni mtu mmoja kulipia mwezi mmoja tu, ule wa kutoa faili. Kama jarida linazidi kurasa 40 na limejaa maandishi, Scribus ni bora: ni ya bure, ina CMYK, na maandishi yanatiririka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Lakini ni programu ya mtu mmoja kwenye kompyuta moja, na ina ukavu wake.

Rangi inataka tahadhari. Majarida ya wanawake hupenda zambarau na waridi kali. Zambarau inayong'aa kwenye skrini hugeuka bluu iliyochoka ikichapwa, isipokuwa majenta (wino wa waridi) izidi sayani (wino wa bluu) kwa mbali, kwa mfano asilimia 90 kwa 60. Waridi ile ya kumetameta haipo kabisa katika wino nne za kawaida. Chagueni rangi kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, msiichague kutoka kwenye simu.

Na nyuso. Ngozi nyeusi iliyopigwa picha ukumbini, ikachapwa kwenye bondi, huzama: wino husambaa ndani ya karatasi hiyo isiyopakwa, vivuli vinaungana, na macho yanapotea. Mjumbe mzima wa bodi anabaki meno na kola. Inua mwanga wa katikati, sio mwanga wa juu, mpaka picha ionekane imepauka kidogo kwenye skrini. Kisha omba ukurasa mmoja wenye nyuso nyingi uchapwe kwenye karatasi ileile itakayotumika. Hakuna jaribio lenye thamani kuliko hilo, na duka zuri halitagoma.

Picha zisipite WhatsApp kama picha. Mara nyingi hupunguzwa hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 13.5 tu. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508. Zitumwe kama hati, au zipandishwe moja kwa moja Drive.

Nasser Road ina sifa zake, na si zote nzuri. Ukiutaja mtaa huo watu wengine hufikiria vyeti bandia kwanza. Lakini kwa kazi halali ya karatasi, mtaa huu na ule wa Nkrumah hauna mfano Kampala: ndani ya hatua chache unapata wa pleti (bamba la kuchapia), wa ofseti (mashine inayochapa kwa pleti), wa dijitali (inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye faili), wa kukunja, wa pini na wa kukata. Ndiyo maana pia madalali ni wengi. Anayekupokea mlangoni mara nyingi hana mashine, na kazi yako itapita mikono mitatu huku kila mmoja akiongeza chake. Omba kuonyeshwa mashine. Asiyeonyesha, endelea na safari.

Kwa nakala chini ya 100, dijitali. Kuanzia 500, ofseti. Hizo 300 zipo katikati, kwa hiyo ulizia bei zote mbili. Ofseti ina gharama ya kuanzia, pleti nne kwa kila upande wa rangi, na pleti moja hubeba kurasa kadhaa; kosa la jina moja likionekana baadaye, seti hiyo inarudiwa kwa fedha zenu. Bei iandikwe ikiwa imevunjwa: karatasi, uchapaji, kukunja, pini, kukata. Uliza kama VAT ya asilimia 18 imo ndani, na kama ofisi ya chuo ndiyo inayolipa, ulizia ankara ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, kabla ya kutoa malipo ya awali. Mkikusanya michango kwa mobile money, kumbukeni ada ya kutoa na ule ushuru wa asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa.

Karatasi iandikwe kwenye oda kwa gramu na aina: ndani 130 ya kung'aa au isiyong'aa, jalada 250. Chukua kipande cha sampuli na mtie saini nyote wawili, maana 130 kugeuka 115 ni hila ya zamani. Jalada la 250 lipigwe mstari wa kukunjia kwanza, la sivyo wino hupasuka mgongoni.

Kurasa zigawanyike kwa nne, vinginevyo mtalipia kurasa tupu. Chukueni karatasi 8 za A4, zikunjeni pamoja, andikeni namba 1 hadi 32, na jarida zima litaonekana. Kwa kurasa 32, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi hujumlisha 33. Ukimuuzia mtangazaji ukurasa wa 3 kwa rangi, wa 30 nao unapata rangi bila kuongeza chochote kwenye dijitali. Watu wa matangazo wakijua hilo, jarida lenye rangi kiasi hugharamiwa kwa akili. Kurasa za katikati, 15 hadi 18, husukumwa nje na unene wa karatasi na kukatwa fupi kidogo, kwa hiyo namba za kurasa na majina yakae milimita 10 ndani ya ukingo. Picha zinazofika ukingoni zivuke kwa milimita 3. Peleka PDF yenye kurasa moja moja kwa mfuatano, si zilizounganishwa mbili mbili. Kupanga ni kazi ya mchapaji. Flashi iwe ya kazi hiyo tu, na nakala nyingine iwe kwenye barua pepe, maana kompyuta za mtaa huo zimechomekwa flashi za kila mtu.

Oktoba hadi Desemba kuna kalenda, shajara na kadi. Miezi ya kuelekea uchaguzi mabango ya wagombea hushika mashine zote. Kwa toleo la Machi, maandishi yafungwe katikati ya Januari, kurasa ziishe wiki ya kwanza ya Februari, prufu isainiwe wiki inayofuata. Siku tano za kazi ndizo utakazoahidiwa, lakini hesabu kumi.

Kwa nakala 30 au 40 za kuonyesha tu, usijisumbue na safari hii yote. Duka la dijitali karibu na chuo litafanya, na wasomaji wengine watumiwe PDF kwa WhatsApp. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, kwa hiyo msiitegemee kueneza jarida.

Siku ya kuchukua, toa nakala tano kutoka mafungu tofauti, zifungue ukurasa kwa ukurasa: mfuatano, jalada lisipinduliwe, pini mbili zikae kwenye mkunjo, rangi ya fungu la kwanza ifanane na ya mwisho. Hesabu mafungu. Salio lilipwe baada ya hapo.