Tiketi za msimu za timu ya chuo: nyota moja, na hiyo moja ni ya bendi

Naanza na yule kijana wa jaketi la njano, maana nikianza na mengine nitapoa, na sitaki kupoa.

Ilikuwa Novemba, mwaka si wa mbali, usiku wa Jumatano. Ndiyo, Jumatano, na hilo nalo nitalifikia. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimia hapa Ohio, nikaona nimpeleke akaone timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo nilichosoma, ambayo nimeilipia tiketi mbili za msimu miaka mitano mfululizo. Jina la chuo nalihifadhi. Wanaohusika wanajijua.

Uwanja wetu unachukua watu elfu ishirini na kitu. Usiku ule, kwa makadirio ya mtu mkarimu, hatukufika elfu tatu. Baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio. Mama alivaa khanga mbili ndani, sweta langu juu yake, na koti la mke wangu juu ya hayo yote, na bado meno yalikuwa yanagongana. Viti vyangu viko juu kabisa, safu ya ishirini na tisa, kona ambayo upepo wa ziwani unaingilia. Chini kule, nyuma ya benchi letu, kuna ukuta unaozuia upepo na viti vyenye migongo. Vitupu. Si vitupu kiasi, vitupu kama darasa la Agosti. Mama akavitazama akasema, "Mwanangu, si tushuke pale?"

Tukashuka. Hata makalio hayajapasha kiti moto, jaketi la njano likasimama mbele yetu. Akataka tiketi, nikamwonyesha kwenye simu. Akatikisa kichwa: hivi ni viti vya wafadhili. Nikamwambia, kaka, wafadhili wenyewe wako wapi? Akasema inawezekana wakaja. Robo ya pili ilikuwa inaisha! Nikamwomba basi, mimi nirudi juu, mama abaki hapa penye nafuu. Hapo ndipo akamwelekezea mama kidevu, akaniuliza mimi: "Huyu anajua Kiingereza? Mwambie arudi kwenye kiti chake."

Mama yangu alifundisha Kiingereza shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Nusu ya Ngamiani, kule Tanga, imejifunza kutaja siku za juma kwa Kiingereza mbele ya rula yake. Alimtazama yule kijana kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamjibu kwa Kiingereza chake cha ubaoni, neno moja moja kama anayesomesha imla: nilikuwa nakifundisha kabla mama yako hajazaliwa.

Unadhani aliona haya? Alinyoosha kidole juu. Safu ya ishirini na tisa. Bibi wa miaka sabini na moja akapanda ngazi zote zile akishika chuma kilichoganda, na nyuma yake viti mia kadhaa vikibaki vinakaliwa na upepo.

Kwa hiyo nyota moja. Na hiyo moja nitasema ni ya nani.

Sasa mtu asinijie hapa kusema mimi ni mgeni, sijui kushabikia timu isiyo na makombe. Mimi ni mtoto wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga. Wagosi wa Kaya, kama tunavyoitwa, walichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu hapo mara nyingi tumekuwa tukiwatazama Simba na Yanga wakipokezana kombe kama watoto wa mama mmoja wanavyopokezana baiskeli. Nimekaa uwanja wa Mkwakwani jua likinipiga utosini, tumefungwa, nikarudi nyumbani kwa miguu, Jumapili iliyofuata nikarudi tena. Kwa hiyo nilipofika hapa kusoma shahada ya pili na kukuta chuo chenye timu ya kati, isiyo kubwa na isiyo ndogo, nilijiona nimerudi nyumbani. Wenzangu walinunua kofia za Ohio State, chuo cha wakubwa. Mimi nikasema hapana, wangu ni hawa.

Ligi yetu inaitwa MAC. Ndani ya Ohio pekee ina vyuo sita, ndiyo maana hamtajua ni kipi nakisema. Ikifika Novemba, mechi nyingi zinahamishiwa Jumanne na Jumatano usiku kwa ajili ya runinga, kwa sababu Jumamosi ni ya wakubwa, na mdogo hawezi kushindana na mkubwa saa moja na siku moja. Watazamaji wa nyumbani, kote Marekani, wanazifurahia sana. Wamejifunika blanketi, mbona wasifurahie. Anayekaa uwanjani usiku wa kazi, barafu ikimdondokea kwenye kikombe cha chai, ni sisi. Tumekuwa pambo la nyuma ya picha. Na pambo lenyewe linaambiwa likae kwenye safu yake.

Septemba nako kuna mechi ambazo mimi naziita mechi za hundi. Timu yetu inapanda basi kwenda kucheza kwenye uwanja wa mkubwa fulani. Ule wa Michigan peke yake unachukua watu 107,601. Mkubwa anatulipa fedha nyingi ili tuje tufungwe kistaarabu, na fedha hizo zinalisha waogeleaji na wakimbiaji wetu mwaka mzima. Ni biashara, nimeikubali. Tena mara mojamoja hundi inakuja na nyongeza: Septemba 2024 Northern Illinois, wenzetu wa MAC wakati ule, walikwenda kwa Notre Dame, mmoja wa wale wakubwa, kwa malipo ya dola milioni 1.4, wakawafunga 16 kwa 14 mbele ya watu wao wenyewe. Notre Dame huyohuyo baadaye alifika fainali ya taifa! Siku ile nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mechi iliyofuata Northern Illinois wakafungwa na Buffalo, wa ligi hiyohiyo. Huo ndio ushabiki wa timu ya kati, yaani ukipewa sukari leo, kesho unadaiwa kilo mbili.

Na ukifanikiwa sana ndiyo balaa zaidi. Western Michigan, nao wa MAC, msimu wa 2016 walishinda mechi kumi na tatu bila kupoteza hata moja, wakaenda Cotton Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, wakafungwa na Wisconsin 24 kwa 16. Hata wiki haikuisha, kocha wao akawa ameshachukuliwa na Minnesota, chuo cha wakubwa. Kocha akiwa mbaya unakaa naye. Akiwa mzuri unamlea tu, kama kuku wa kuazima.

Wachezaji nao sasa ni vilevile. Tangu 2018 kuna lango la uhamisho: kijana anaandikisha jina lake, na vyuo vingine vinaruhusiwa kumpigia simu. Mwaka 2021 wenye mamlaka ya michezo ya vyuo wakaondoa sharti la kukaa nje msimu mzima baada ya kuhama mara ya kwanza, na Julai ya mwaka huohuo wakawaruhusu wanafunzi kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kuanzia Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha, na mwaka wa kwanza iliruhusiwa hadi dola milioni 20.5. Hicho kilikuwa kiwango cha juu. Kwetu sisi hicho ni kiwango cha kusikia redioni. Mimi siwaonei wivu vijana. Miaka mingi wakubwa walitajirika kwa magoti ya watoto wa watu, na kijana akipata chake apate. Lakini mimi ninayekaa safu ya ishirini na tisa nimegeuka mlinzi wa kitalu. Naangalia miche inakua, gari linakuja kuichukua, naambiwa ahsante kwa uaminifu wako.

Basi turudi uwanjani, maana nimeanza kupoa.

Tulipofika juu nilikuwa nimeshaamua tuondoke. Mama akakataa. Akasema amelipiwa, atamaliza. Ikawa mapumziko, bendi ya wanafunzi ikaingia: matarumbeta, ngoma, sare zenye vifungo vya dhahabu, wakitembea kwa safu na kuchora maumbo kwenye nyasi. Mama akasimama. "Hee! Kumbe na hawa wana beni?"

Sisi wa juzi beni tunaisikia tu. Enzi za ukoloni, miji ya pwani ilikuwa na vikundi vilivyochukua matarumbeta na gwaride la kijeshi wakavifanya ngoma, wakashindana kwa sare na vyeo. Marini walijiona watu wa juu. Arinoti walikuwa wasio nacho. Babu yake mama alikuwa Arinoti, na kwetu hilo lilisemwa kwa fahari, sijui kwa nini. Mama akaisikiliza bendi ile mpaka mwisho, akitikisa bega. Kisha akaniuliza, "Hii timu yetu ni Marini au Arinoti?"

Nikamwambia Arinoti, mama.

"Basi sawa," akasema, akakaa.

Hiyo ndiyo nyota ya bendi. Haitoki hata mkiniomba radhi.

Kipindi cha pili mama akajichagulia mchezaji. Sheria za mpira ule wa umbo la yai hakuzielewa wala hakutaka nimweleze, ila aliona kuna kijana mmoja, namba 22, kila akipewa mpira anaangushwa na watu watatu, anainuka, anajipangusa, anarudi. Mfupi, mnene wa mapaja. Mama akaanza kumwita. "Kimbia baba! Kimbia! Usiwaogope hao, wakubwa bure!" Kwa Kiswahili, sauti ya mwalimu wa zamu. Sasa, uwanja mtupu una faida moja ambayo wale laki moja na kitu wa Michigan hawawezi kuipata: sauti inafika. Robo ya nne namba 22 akapenya katikati, akamkwepa mmoja, akamburuta mwingine, akaingia nao hadi mwisho. Tachidauni. Mama akapiga vigelegele.

Sijui kama uwanja ule ulishawahi kusikia vigelegele tangu ujengwe. Vilitoka safu ya ishirini na tisa vikashuka, vikagonga ukuta wa upande wa pili, vikarudi. Watu wakageuka. Na namba 22, mpira bado mkononi, akainua kichwa akatafuta vimetoka wapi, akaona kibibi kimefunga khanga kichwani juu ya koti, akamnyooshea kidole. Kisha akaweka mkono kifuani.

Mama alilia. Sawa, na mimi nililia. Nyota nne. Niandikieni nyota nne hapo, nitazifuta baadaye.

Tulifungwa. Kwa pointi mbili, teke la mwisho likagonga mlingoti. Ni kawaida, sitaki kulizungumzia.

Juma lililofuata niliandika barua pepe kwa ofisi ya tiketi. Nilieleza yote, kwa adabu: umri wa mama, upepo, viti vitupu, lile swali la Kiingereza. Sikutaka kurudishiwa fedha. Nilitaka mtu mmoja aandike "samahani, mama". Siku kadhaa baadaye likaja jibu: wananishukuru kwa uaminifu wangu, maoni yangu ni muhimu, na je, nimefikiria kujiunga na kundi la wafadhili, ambao pamoja na manufaa mengine hupata viti vya chini vyenye migongo?

Nimelisoma jibu lile mara nyingi kuliko barua ya kazi. Nyota zirudi moja. Nusu. Bendi itanisamehe.

Msimu ulipoisha namba 22 akaandikisha jina langoni. Hazikupita wiki tatu, nikaona picha yake amevaa rangi za chuo kimoja kikubwa cha kusini. Sikumlaumu. Nilikumbuka tu kile kidole alichomnyooshea mama, nikafunga simu.

Shida ni mama. Alisharudi Tanga, na kila juma ananitumia ujumbe wa sauti, salamu kwanza, wajukuu, koo la baba mdogo, halafu lazima: "Na yule mwanangu namba ishirini na mbili, hajambo? Anaendelea kukimbia?" Nitamwelezaje lango la uhamisho mtu ambaye babu yake alikufa Arinoti na hakuwahi kuvaa sare ya Marini? Nikamwambia ameumia goti, hachezi kwa sasa. Akauliza goti lipi. Nikasema la kulia.

Mwezi uliopita kuna ndugu alikuwa anasafiri kuja huku, mama akampa kifurushi changu. Sasa kiko mezani, pamoja na fomu ya kulipia msimu wa sita ambayo sijaijaza wala sijaichana: chupa ya mafuta ya habasoda, imefungwa plasta shingoni isivuje, na juu yake mwandiko ule wa ubaoni: "No. 22. Goti la kulia. Asubuhi na jioni."